Maji ya Moto kwenye Chungu cha Wazungu

Hili jambo nimelificha miaka mingi, ila kwa kuwa shemeji zangu hulisimulia kila penye watu watatu (tena kwa kuongeza chumvi), bora mlisikie kwangu mwenyewe mwenye aibu yake.

Miaka ile tumeshahamia kijiji cha ujamaa, huku njia ya Tunduma, na mimi nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Silwamba, balozi wetu wa nyumba kumi, naye bado ananipima. Siku hiyo gari la wazungu wawili, mtu na mkewe, likavunjika springi pale barabarani, gari ambalo ndani ni nyumba kamili, kitanda, jiko, mapazia. Balozi lazima awajue wageni wake, akataka mkalimani, na mimi (niliyewahi kuosha vyombo kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, basi) nikasema Kiingereza nakimudu.

Yule mama akatukaribisha ndani, akainjika birika, akasema maneno mengi akionyesha chungu kikubwa chenye kifuniko na koki, nami nikaitika "yesi" kila alipovuta pumzi, kisha akatoka kumshikia mumewe spana. Nikafunua chungu, nikaona maji ya kahawia.

"Anasemaje?" akauliza mzee.

"Anasema tunywe, baba. Ni kimpumu ya kwao. Imepoa tu, ndiyo maana hainukii."

Mnaijua kimpumu, pombe yetu ya ulezi: chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na kijana mwenye adabu ndiye anayeongeza maji ya moto, wazee wasije wakanywa ya baridi. Mzee akachomoa mrija mfukoni mwa koti (hakutembea bila huo mrija), nami, nikiona hapa ndipo posa inapojibiwa, nikalishika birika lililokuwa linatokota nikalimimina lote. Ndani kukasikika ta.

Mzee akavuta. Akavuta tena, akatafakari.

"Mwanangu, haya ni maji ya mto wetu. Ng'ombe wangu walikuwa humo asubuhi."

Yule mama aliporudi akafungua koki, yakatoka yaleyale ya kahawia. Akaingiza mkono chunguni akatoa chujio jeupe la udongo limepasuka vipande viwili, na kumbe ndilo lililokuwa linasafisha maji yao ya kunywa safari nzima, wala hawakuwa na jingine. Hakugomba. Alikaa kitandani akalitazama tu, na hiyo iliniuma kuliko matusi, huku nusu ya kijiji imebandika pua kwenye vioo vya gari.

Mpaka springi ilipopatikana Mbeya, mimi ndiye niliyepasua kuni nikawachemshia maji na kuyachuja kwa kitambaa, mchumba wangu akipita na ndoo kichwani anajifanya hanioni. Walipoondoka, madumu yao yamejaa, mzee akaniita mbele ya watu.

"Binti nakupa," akasema, "maana kuni umepasua vizuri. Ila siku ya harusi, birika atashika mtu mwingine."

Nikaoa hivyo, mikono nimeikunja. Nimeapa sifunui tena chungu cha mtu mpaka aniambie kilichomo kwa lugha ninayoielewa, lakini kiapo changu hakuna anayekiamini: leo nina wajukuu, na popote penye kimpumu, nikisogea tu, mtu analihamisha birika.