Radi ya Nkambo na Simu Iliyozimwa

Simu yetu ya kwanza ilikuwa inazimwa siku sita kwa juma. Ilikuwa miaka ya vita, nchi imekatwa vipande, umeme wa Lubumbashi unakuja na kuondoka utakavyo, na kiwanda cha shaba alichofanyia kazi baba, na baba yake kabla yake, kimezima tanuru. Mama aliifunga simu ndani ya kitambaa, akaifukia kwenye pipa la unga, na ni Jumapili tu, karibu na saa kumi, aliitoa, akaipangusa na kuiwasha. Tuliketi mbele yake kimya, mikono mapajani.

Saa kumi kaka yangu alipiga kutoka Kasumbalesa, mpakani. Dakika tatu, zikizidi sana nne. Yeye ndiye aliyetuletea simu hiyo kwa mkono wa dereva wa lori, imefichwa ndani ya mkate uliotobolewa tumbo, na sharti lake lilikuwa moja: mtu wa nje asijue. Siku zile mtu aliyejulikana ana simu alikuwa amewaalika askari nyumbani kwake, na askari wale hawakuwa wageni wa kula na kuondoka.

Baba hakuwahi kuketi nasi. Kila Jumapili saa kumi kasorobo alikumbuka mahindi yake nyuma ya nyumba, hata miezi ambayo hakukuwa na muhindi hata mmoja. Chuo kikuu kilipofungwa na kaka akaenda mpakani kubeba mizigo ya wafanyabiashara, baba alimwambia, sote tukisikia, kwamba mwanawe hawezi kubeba gunia la mtu mwingine, na siku atakapolibeba asimwite tena baba. Kaka akalibeba. Tangu hapo unga tuliokula ulitoka kwenye magunia hayohayo, na baba alikula kama sisi, ila alikula akitazama ukuta.

Sasa, Jumapili moja kaka akasema amepata lori la kumpeleka mbali kusini, kupita Zambia yote na kuendelea. "Jumapili inakuya nitapiga mara ya mwisho toka hapa," akamwambia mama. "Kiisha nitapiga wakati nitafika, siyue lini. Musipoteze ile namba." Barua hazikuwa zikifika popote. Namba ile ilikuwa uzi pekee uliobaki kati ya mama na mtoto wake wa kwanza.

Jumanne mama akatia mkono kwenye pipa la unga. Akakuta unga.

Aliumwaga wote juu ya mkeka, akauchekecha, akaurudisha, akaumwaga tena. Kisha akatuita sote barazani: baba, mimi, na nkambo, yaani bibi yetu, mama yake baba.

"Ni nani alishika mu unga?"

"Haiko miye," akasema baba.

"Haiko miye," nikasema mimi, na nikalia kuliko wote kwa sababu nilikuwa na yangu. Kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa naiiba simu ile mama akienda sokoni, naenda nayo chooni na kucheza mchezo wa nyoka hadi betri inakaribia kukata roho. Lakini kila mara niliirudisha. Nilikuwa mwizi wa betri, si wa simu, na sikuona namna ya kueleza tofauti hiyo kwa mama aliyeshika mwiko.

Siku iliyofuata nilitumwa mjini pamoja na nkambo, kwa mwanamke aliyekuwa na meza, mwavuli na simu ya kulipia. Tukapiga namba yetu wenyewe. Nilijua kitakachotokea, simu iliyozimwa haiwezi kuita. Sauti ya mashine, ya mwanamke, ikasema kwa Kifaransa kwamba mtu unayemtafuta hapatikani. Nkambo akaninyang'anya simu, akasikiliza kwa makini, akasema tupige tena, na mara ya tatu akamtukana yule mwanamke wa ndani ya simu matusi ya Kiluba ambayo sitayaandika hapa.

"Mwizi ni mwanamuke," akamwambia mama tuliporudi. "Alisoma. Anasema Kifaransa ya masista kabisa."

Ningeweza kumweleza. Lakini avenyu yetu, yaani mtaa wetu, ilikuwa na mwanamke mmoja tu wa Kifaransa cha masista, mwalimu aliyenifelisha hesabu mara mbili, na nikaona hakuna haraka ya kueleza. Siku nzima nkambo alimtazama mwalimu yule kwa jicho moja.

Alhamisi jioni nkambo akachukua sufuria kuukuu na mwiko, akatoka barabarani. Inabidi mjue kwamba sisi ni watu wa kaskazini, wa upande wa Mitwaba, na watu wa mjini wanaamini mtu wa huko anaweza kuituma radi kama mtu anavyomtuma mtoto dukani. Nkambo alikuwa Mkatoliki wa rozari tatu kwa siku, na kitu pekee alichojua kutuma ni salamu. Lakini sifa yetu aliijua, na msimu wa mvua ulikuwa umekolea. Akapita avenyu nzima akipiga sufuria.

"Ule alibeba kitu ya bantu, arudishe! Anayua yeye mwenyewe ni kitu gani! Siku tatu! Kiisha nkuba itakuya, na nkuba haipigake hodi!"

Nkuba ni radi, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mnaona alichokifanya. Hakuweza kutaja simu, kwa sababu ya wale askari, kwa hiyo akasema tu kitu cha watu. Na katika mji ambao watu walikuwa wamepora maduka na maghala mara mbili katika miaka michache, na majirani wakaporana wao kwa wao ili kulipizana, nani alikuwa hana kitu cha mtu?

Mama alishika kichwa, akamgeukia nkambo. "Mama, padri tutamuambia nini?"

"Mie nilisema nkuba itakuya," akasema nkambo. "Huu si mwezi ya mvua? Itakuya tu."

Ijumaa alfajiri baraza letu lilikuwa limejaa. Kulikuwa na sufuria mbili, jembe lisilo na mpini, pasi ya makaa, vitabu vitatu vya nyimbo vyenye muhuri wa parokia, jogoo aliyefungwa miguu, na wigi. Kulikuwa pia na mlango. Mlango mzima wa mbao nzito, na bawaba zake, na kitasa chake. Aliyeubeba hadi pale bila kumwamsha mbwa hata mmoja alikuwa mwizi mwenye kipaji, na nilisikitika kwamba anaacha kazi.

Mimi mwenyewe nilirudisha rangi ya kucha. Ilikuwa ya mwalimu. Niliiweka chini ya wigi na kurudi kulala.

Kutwa nzima watu walikuja kutambua mali zao, wakashukuru, wakagombana. Wawili walidai jogoo. Mama alikaa katikati ya vurugu hiyo akipokea pongezi na kuangalia kila mkono unaoingia langoni, na kila mkono ulipokuwa na kitu kingine niliona mabega yake yanashuka. Jioni alikataa kula. Alisema tu, "Atapiga. Atapiga, na ule mwanamuke atamuitika." Hapo nikajua kwamba hata yeye aliisadiki sauti ya mashine, na sikucheka. Nikaona haya, nikamweleza. Akasema basi ni vibaya zaidi, kama hakuna hata mtu wa kumtukana.

Usiku ule ngurumo zilipita mbali, upande wa mpakani. Nami nikagundua kitu. Baba alikuwa amevaa mabuti ya mpira.

Alikuwa ameyavaa tangu Alhamisi. Mabuti yake ya kiwandani, mazito, ya kwenda hadi magotini. Aliyavaa mezani. Aliyavaa akisali. Mama alipomuuliza, alisema miguu ina baridi, na kulikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa. Lakini baba alikuwa fundi, na mafundi wote wa kiwanda kile walikufundisha jambo moja kabla hujajua kusoma: umeme haupiti kwenye mpira.

Kwanza nilidhani ana kimada, labda mke wa mtu, na anaogopa radi ya mama yake. Jumamosi saa tatu asubuhi, mawingu yakiwa yamejikusanya juu ya mji, baba akatoka kwenda kwenye mahindi yake. Nikavua viatu, nikamfuata. Safari hii mahindi yalikuwepo, yamefika kifuani, na nikasikia anaongea katikati yake kwa sauti ya chini. Nikatambaa kwenye matope nikiwa na furaha mbaya moyoni, nimetayarisha hata maneno ya kumtamkia kimada.

Alikuwa peke yake. Amechuchumaa ndani ya mabuti yake, na simu yetu sikioni.

"Mutoto wangu," anaiambia, "ni papa yako." Akakohoa. Akaanza tena. "Mutoto wangu, ni papa yako. Unga ile ulituma, nilikula. Nilikula yote. Kila siku nilikula, na nilisikia haya." Akakwama hapo tena, kama mtu aliyesahau kipande cha katekisimu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimekuja kumkamata, na sasa nilitaka kuondoka. Lakini muhindi ukavunjika chini ya goti langu, na baba akageuka.

"Unafanya nini huku?"

"Na weye, Papa? Unasemezana na nani?" Akaificha simu nyuma ya mgongo, mtu wa miaka hamsini na zaidi. "Papa, iko ya kuzima."

"Nayua," akasema. "Njo maana naweza kusema."

Alieleza, akiangalia buti. Aliichukua Jumatatu, ajifunze kidogo, airudishe kabla ya jioni, ili Jumapili hii ya mwisho awe na la kusema. Lakini maneno hayakukaa. Jumanne mama akatia mkono kwenye unga, na yeye akasema haiko miye, na neno likishatoka kwa baba wa nyumba linarudi vipi? Kisha mama yake mzazi akatoka na sufuria akamwitia radi mbele ya avenyu nzima. Alijua vizuri kwamba mama yake hana radi yoyote. "Lakini laana ya mama," akasema, "ile haiombake ruhusa."

"Mupe Mama. Leo."

"Kiisha kusema haiko miye? Hapana."

Hapo shetani wangu, ambaye alikuwa ameketi kimya kwa dakika kadhaa, akaamka. Nikanyoosha mkono.

"Lete. Nitaiweka pa baraza pamoja na bitu ya bantu. Bote batasema ni nkuba. Lakini kesho saa kumi utaikala na siye. Hautaenda mu mahindi."

"Unanitisha? Mie papa yako?"

"Ao niite nkambo?"

Aliniangalia kwa hasira ya kweli. Kisha ngurumo ikapiga, si mbali, na simu ikawa mkononi mwangu.

Niliiweka ndani ya pasi ya makaa, ambayo mwenyewe alikuwa bado hajaifuata, nikafunga kifuniko, nikamwomba mama aangalie kama pasi ile ni nzima. Alipiga kelele hadi nusu ya avenyu wakaja kuona kuna nini, na ikabidi awaambie ameona nge. Nkambo, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba hana radi, aliitazama simu, akaiangalia rozari yake, na kwa siku nzima akawa mpole sana. Baba akatikisa kichwa akasema, "Kumbe nkuba iko na nguvu," na mimi nikaenda kucheka nyuma ya tangi la maji.

Betri ilikuwa karibu kufa, na kosa lilikuwa langu na nyoka wangu. Mama aliikimbiza ndani ya beseni la mboga hadi kwenye ghala la mfanyabiashara wa Kivu aliyekuwa na jenereta, mtu wa kusali sana na kusema kidogo, ambaye tulimwamini.

Jumapili saa kumi baba alikuwa kwenye kiti. Amevaa shati la kanisani. Mama alimtazama, kisha akatazama mlango wa nyuma.

Simu ikaita. Mama alisema haraka kama kawaida: afya, mvua, jogoo, usinywe maji ya njiani, andika jina la dereva. Kaka alisema wanaondoka alfajiri. Nkambo akambariki kwa sauti ya kusikika mpaka Kasumbalesa bila simu. Kisha ikawa zamu yangu, nikasema, "Papa iko hapa," na sikungoja jibu, nikampa.

Baba alijua kuishika, alikuwa amejifunza. Akaiweka sikioni na kufungua mdomo. Nilisogea karibu, nikasubiri mutoto wangu, ni papa yako. Hakikutoka kitu. Kutoka upande wa pili nilisikia injini za malori, honi, mtu anauza kitu, na katikati ya kelele hizo kaka yangu naye kimya. Hakuna aliyekata. Walikaa hivyo, mmoja sebuleni kwetu na mwingine mpakani, hadi dakika zikaisha na laini ikafa.

"Umemaliza dakika yote ya mutoto bila kusema!" mama akalia. "Hata neno moja!"

"Tulisemezana," akasema baba. Akaipangusa simu kwa kifua cha shati, akamrudishia mama, akaingia chumbani.

Nilimkasirikia sana. Baada ya matope yote yale, baada ya pasi na jogoo na mlango, nilimwona amepoteza nafasi yake kwa ujinga wa kiume, na nilinuna juma zima. Miezi minne ikapita kabla simu haijaita tena Jumapili saa kumi, kutoka kusini kabisa. Niliidaka kabla ya mama, na swali la kwanza nililomuuliza kaka, hata kabla ya kumsalimu, ni nini baba alimwambia siku ile.

"Yote," akasema, kisha akaniambia nimpe simu mama.