Jalada la Daftari Chini ya Tangi

Mwaka 1993, kiangazi, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa, nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na sikuwa nimeketi darasani hata siku moja. Asubuhi nilichunga ng'ombe. Alasiri nilimsaidia baba kuitunza pikipiki yake, nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi.

Baba aliipata mwaka 1991, biashara zilipokwisha kufunguliwa, kwa kubadilishana na ng'ombe watatu. Ilikuwa pikipiki ya mashindano, kuukuu, yenye usukani wa chini na magamba ya plastiki ubavuni. Bibi, mama yake baba, alimtazama akiiendesha, akasema anainama kama mtu aliyedondosha sindano. Basi baba akang'oa magamba, akafunga usukani wa juu, akachomelea keria ya kubebea bibi na viroba vya choroko.

Mimi niliosha cheni kwa mafuta ya taa na kusugua plagi kwa msasa, bibi akipepeta mtama kando yetu. Raba za chini ya tangi zilikuwa zimeoza, tangi likawa linagongagonga. Mwaka huohuo wa 1991 nilikunja jalada la daftari la kaka yangu, nikalizungushia kipande cha mpira wa tairi, nikalisukumiza pale. Kaka alinichapa. Tangi likanyamaza.

Bibi hayupo tena, na pikipiki iliishia kwenye vyuma chakavu. Marehemu mume wangu alizoea kunitania kwamba naandika tarehe hata kwenye debe la mahindi. Sababu ni hii.

Agosti 1993, mfanyabiashara mmoja mgeni aliiona pikipiki mnadani, akadai ni yake, iliyoibwa miezi mitatu kabla: nyekundu, usukani wa juu, keria ya kuchomelea. Namba ya fremu ilikuwa imeliwa na kutu, na aliyembadilishia baba alikuwa amehama. Majirani walioikumbuka yenye magamba hawakuthubutu kuapa kwamba ndiyo hiyo. Baba alikaribia kuitwa mwizi.

Jumatano, tarehe 18, tulikaa mbele ya baraza la kata. Nilimnong'oneza bibi, naye akasema kwa sauti kwamba mjukuu wake aliweka kitu chini ya tangi.

"Chini ya tangi kuna injini, bibi," mfanyabiashara akasema, watu wakacheka.

Mwenyekiti akaniruhusu nifungue. Nikaubandua mpira, uliokwisha kugandamana na tangi; akaukunjua, akasoma jalada: jina la kaka, darasa la tatu, 1991. Akamwomba mfanyabiashara arudie pikipiki yake iliibwa lini. Mfanyabiashara akainuka, akaenda zake.

"Binti, ulijuaje kwamba pameandikwa mwaka?" mwenyekiti akaniuliza.

"Sikujua. Sijui kusoma."

Karani akaandika kwamba pikipiki ni mali ya baba, mashahidi wakatia saini. Zamu yangu ilipofika, akanisogezea kidau cha wino. Dole gumba langu lilikuwa tayari jeusi kwa grisi.

Baba akainama sikioni mwangu. "Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "hii iwe mara yako ya mwisho kutia dole."

Nikabonyeza.