Swali Ambalo Halikuwa Kwenye Fishi

Kiswahili sanifu nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyochanika majalada na redio ya jirani, na nilikipenda kupita kiasi. Hapa Kindu tunasema njo mutoto yangu. Mimi niliandika ndiye mtoto wangu, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Ndiyo maana nilichukuliwa katika kazi ya kuandikisha watu waliokimbia vita, kazi ya serikali pamoja na shirika moja la kimataifa. Wenzangu mezani waliniita Diksyonere, yaani kamusi. Nilijifanya sipendi.

Tulikaa katika uwanja wa shule, mtaa wa Kasuku. Fishi ilikuwa karatasi moja: mkuu wa familia, watu aliokuja nao, uhusiano wao naye. Aliyeandikwa alipata kadi, na kwa kadi alipata turubai, bidoni ya kutekea maji, sabuni na unga. Shefu wetu alikuwa ametuambia mara nyingi: andikeni mnachoambiwa, msiongeze. Wenzangu walimsikia. Mimi niliogopa kuandika kosa hata nikawa sisikii.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kabambare, na msichana wa miaka kama saba aliyeshika pembe ya kitenge chake. Nilimuuliza mtoto ni nani wake.

"Njo mutoto yangu," akasema.

Ingetosha. Lakini niliangalia mvi za mama, nikaangalia meno ya mtoto yaliyong'oka juzi tu, na hesabu ya umri haikunikalia vizuri.

"Ulimzaa wewe mwenyewe, mama?"

Alimtazama mtoto kwanza, kisha akanitazama mimi. Alipojibu alishusha sauti, ila msichana alikuwa ameegemea mkono wake na alisikia kila kitu.

"Alimuzaa mudogo yangu. Alikufa huyu akiwa wa kunyonya. Mutoto ya mudogo yangu njo mutoto yangu. Weye si wa hapa?"

Mimi ni wa hapa. Hakuna mtu katika mkoa wetu wa Maniema asiyejua jambo hilo. Lakini kwenye fishi palikuwa na mstari wa mtoto wa kuzaa na mstari wa mtoto asiye na mzazi, nami nikaweka alama kwenye mstari wa pili. Ninaona aibu kusema kwamba nilifurahi. Niliona nimefanya kazi safi kuliko wote.

Baada ya siku chache karatasi ikafanya kazi yake. Gari lilikuja kumchukua msichana, akavushwa mto hadi Alunguli, kwenye nyumba ya watoto waliopotezana na wazazi, akae huko mpaka jamaa zake watafutwe. Waliomchukua hawakuwa watu wabaya. Walisema naye kwa upole, wakampa biskuti. Walifuata alama yangu, iliyosema hana mtu.

Yule mama alikuja mezani bila kupanga foleni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, uliandika nini?"

Neno hilo, mwanangu, lilinichoma kuliko tusi. Na kuna jambo ambalo sikumwambia siku ile, ninaliandika hapa. Mama aliyenilea ni mama yangu mdogo. Aliyenizaa alikufa katika vita vya kwanza nilivyoishi, ambavyo sivikumbuki. Mama mdogo alinibeba mgongoni akakimbilia Lokandu, na alinieleza habari hiyo mwenyewe nilipokuwa mkubwa, siku aliyoichagua yeye.

Nilimkuta mama mdogo nyumbani anatwanga sombe, majani ya muhogo, nikamweleza nilichofanya. Mchi ukasimama.

"Na mimi waliniuliza huyu ni nani," akasema. "Nikasema njo mutoto yangu. Muandishi akaandika."

Akaendelea kutwanga. Nilingoja anigombeze, hakunigombeza.

Niliamua kumwandikia shefu barua ya kukiri. Hapo nilikosea tena, maana niliiandika mara tano. Sentensi moja ilinikataa, nikapoteza siku mbili nzima kuitengeneza huku mtoto yuko ng'ambo. Mwishowe niliiacha barua nyumbani nikaenda kumwambia kwa mdomo. Alinisikiliza, akauliza kama swali lile nililikuta kwenye fishi. Nikasema hapana, ni langu. Akashika kichwa. Kufuta alama moja kulidai sahihi za ofisi tatu, na kila ofisi ilitaka kumhoji msichana upya: huyu mama ni nani wako, aliyekuzaa ni nani, yuko wapi.

Siku ya kumrudisha nilishuka mpaka ukingoni, ingawa hakuna aliyeniita. Yule mama alikuwa amefika kabla yangu. Mtumbwi ulipogusa mchanga, msichana alishuka akiwa na gauni jipya na kifurushi kidogo. Alisimama wima mbele yake, kama mtu aliyezoea kuulizwa.

"Jambo, mama mukubwa."

Kabla ya meza yangu alikuwa anamwita mama, basi.

"Jambo, mama," yule mama akamjibu, jinsi tunavyowasalimu wasichana wadogo hapa kwetu. Alipokea kifurushi. Halafu akanigeukia.

"Sasa ku karatasi iko muzuri?"

Nikamwambia ndiyo, sasa imeandikwa mtoto wake.

"Haya," akasema. Wakapanda njia ya soko, mama mbele, msichana nyuma yake, mikono yote miwili ikiwa mitupu, na kitenge hakukishika.