Mikono ya Muuza Tiketi

Mwanamke anayeuza tiketi za bahati nasibu katika baa hii ya mji wa baridi wa Duluth ana mikono isiyotulia: hupanga tiketi zilizokwishapangwa, hufuta kengele inayopigwa mtu akishinda, hunyoosha picha ya watoto wa mpira wa magongo wanaochangiwa na mapato ya tiketi hizo. Arvid alifika dirishani na pesa za mafuta ya kupashia nyumba joto.

"Dada, ile zawadi kubwa bado imo sandukuni?"

"Ubao wa zawadi unasema imo."

"Nakuuliza wewe!"

"Sheria ya jimbo hainiruhusu hata kucheza hapa, sembuse kupiga ramli."

Arvid akasukuma noti. Mikono ile ikalifunika sanduku la tiketi, ikatulia. "Kanunue mafuta kwanza, kaka. Baridi hii itapasua mabomba."

"Kama huchezi, pisha!" akafoka Toivo, mteja aliyepanga foleni nyuma yake.

Arvid akarudisha noti mfukoni, akaondoka shingo upande. Mlangoni akasikia kengele. Akageuka upesi. Mwanamke alikuwa akiifuta tu.