Ndiyo Mzee

Mjomba wangu alifungwa kwa sababu ya adabu. Cheka ukitaka, sisi tulilia.

Kwetu Ulemo mtu mzima akiongea unaitikia "ndiyo" kila anapopumua. Si kwamba umekubali. Unamwambia nakusikia, endelea. Na mjomba, mdogo wake mama, ambaye mama alimlea baada ya wazazi wao kufariki, alizidi wote. Ungemwambia mvua inatoka ardhini, angesema ndiyo mzee.

Maksai wa jirani alipoibiwa, askari mmoja mwenye mvi akamkalisha mjomba kituoni. "Yule maksai ulikuwa unamjua." Ndiyo mzee. "Ukamfungua alfajiri." Ndiyo mzee. "Ukampeleka mnadani." Ndiyo mzee! Jamani! Alfajiri hiyo alikuwa shambani na sisi, anavuna alizeti. Tulisema mahakamani, wapi! Mwenyewe si amekiri? Akafungwa.

Mama aliacha kucheka. Kila akipakua alimbakizia mdogo wake ugali, halafu anabaki anautazama.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa kwa shangazi, Iguguno, runinga inaonyesha filamu ya Kizungu, zile ambazo kuna jamaa anatafsiri juu kwa juu na utani wake humo humo. Dada mtu anahangaika na mahakama amtoe kaka yake aliyefungwa bila kosa. Mama alisahau chai. Yule kaka alipobanwa maswali akapiga meza: "Hapana! Hapana!" Mama akanishika mkono.

"We! Mdogo wangu hajawahi kumwambia mtu mzima neno hilo. Hajui hata linavyosemwa."

Tukakata rufaa. Tukienda kumwona gerezani, mama alimfundisha kupitia wavu.

"Jaji akikuuliza kama ulikiri, unasemaje?"

"Ndiyo dada, nitasema hapana."

"Hebu acha hiyo ndiyo!"

Hata askari jela alicheka. Mimi sikucheka. Niliogopa ile heshima yake itamzeesha mle ndani.

Siku ya rufaa, jaji akawa mzee, tena mwenye sauti nzito. "Ulikiri polisi kwamba uliiba maksai huyu?" Mjomba akainamisha kichwa. Nikaiona ile ndiyo inakuja. Akageuka, akamtazama mama.

"Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa naitikia tu."

Jaji akaweka kalamu chini. "Unaitikia nini?" Mjomba akamweleza adabu ya kwetu, polepole. Na jaji akamwachia.

Nyumbani mama alisonga ugali, akaunga mlenda. Mjomba alikuwa amekonda, masikini. Alipomaliza kula, mama akamuuliza kama alivyomuuliza tangu utotoni, "Umeshiba?" Siku zote alijibu ndiyo dada, hata ile miaka ya njaa, chakula kidogo na sisi watoto tumelizunguka sinia.

"Hapana, dada," akasema. "Tena nadhani sijawahi kushiba."

Mama akaangua kilio huku anacheka, akainjika sufuria upya.