Spika Moja Kila Upande

Mwezi uliopita fundi alipanda juu ya dari ya nyumba yangu hapa Kalangalala, Geita, kupitisha waya wa spika kutoka sebuleni hadi chumba cha pili. Alipoinua ubao wa kwanza, harufu ikashuka: vumbi la miaka, kinyesi cha popo, na bati lililopigwa na jua tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini, nikakaa, na fundi akaniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba siumwi, ila harufu hiyo naifahamu tangu nikiwa na miaka tisa, nikitambaa kifudifudi juu ya dari ya nyumba ya baba yangu kule Nyahanga, Kahama. Hakuelewa, na sikumlaumu. Ninyi nitawasimulia taratibu.

Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Alikaa machimboni Geita wiki mbili au tatu, kisha anarudi Kahama na nguo zenye rangi ya udongo. Alikuwa na wake wawili chini ya bati moja. Upande wa kulia aliishi mama yangu, ambaye hakuwa na mtoto mwingine zaidi yangu, kwa hiyo watu wote walimwita Mama Minza. Upande wa kushoto aliishi mke mdogo, Mama Masanja, na mwanawe Masanja aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Katikati kulikuwa na chumba cha baba, na mimi tu ndiye niliyeruhusiwa kuingia kufagia asipokuwepo. Hapakuwa na mlango wa ndani kati ya pande hizo. Ukitaka kutoka kwa mama kwenda kwa mama mdogo, unatoka nje, unazunguka jiko, unapiga hodi. Mimi nilizunguka kila siku. Mama hakuwahi kuzunguka hata mara moja.

Baba, pamoja na ujasiri wake wote wa kushuka ardhini kwa kamba, aliogopa kitu kimoja, kuambiwa anapendelea. Akileta sukari, ni kilo kwa kilo. Akileta vitenge, ni doti mbili za rangi ileile, ndiyo maana mama hakuvaa hata kimoja, asije akakutana na mwenzake bombani wakaonekana kama wanakwaya. Kuku akichinjwa, baba mwenyewe alishika kisu, na hata shingo ilipasuliwa katikati.

Sasa siku moja duara lao, yaani shimo alilochimba na wenzake, likatema mali, na baba akarudi na sabufa. Lilikuwa boksi jeusi kubwa lenye spika mbili ndogo pembeni, na mtaani kwetu ilikuwa habari kubwa. Tatizo ni kwamba lilikuwa moja. Baba alilitazama mchana mzima, soda ikipata joto mkononi. Mwishowe akasema spika ziko mbili na wanawake wako wawili, kwa hiyo boksi litakaa chumbani kwake na kila upande utapata spika moja. Alifurahi kwa hesabu hiyo mpaka akasahau kunywa soda.

Akanunua waya mrefu, akatoboa kuta kwa tindo karibu kabisa na dari. Kazi ya juu ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa mwembamba na yeye angebomoa nyumba. Alinifunga waya kiunoni kwa kamba ya katani, akaniinua, nikaanza kutambaa juu ya mbao za kenchi, zile zinazobeba bati. Yeye alinifuata kwa chini, akigonga dari kwa mpini wa ufagio kunionyesha pa kwenda. Gonga moja, songa mbele. Gonga mbili, simama, kuna waya wa umeme. Jasho liliniingia machoni na popo walinung'unika gizani. Nikamsikia baba akisema kutoka chini, "Usikanyage silingbodi, mayu. Ukiangukia kwa mama yako mdogo, mama yako atasema huyo nimempa hata wewe." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo alivyoniita akiwa na furaha.

Jioni hiyo akawasha redio iliyokuwa ndani ya boksi. Taarifa ya habari ikatoka pande zote mbili, sauti ileile, maneno yaleyale. Baba alisimama uani, sikio moja kwenye dirisha la kulia na jingine kwenye la kushoto, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kesho yake akarudi Geita, akiwa ameniachia flashi yenye nyimbo za zamani za dansi. Aliagiza mimi ndiye niwashe kila nikitoka shule, kwa kuwa mke yeyote akiligusa boksi mwenzake angeona limepata mwenyewe.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunivuruga. Mama alikuwa anapeta mchele nilipoweka nyimbo. Ukaja wimbo mmoja aliokuwa akiupenda, wa mwanamume aliye safarini anayemwomba mkewe asichoke kumngoja. Aliwahi kunisimulia kwamba ndio waliocheza yeye na baba siku ya harusi yao kule Maganzo. Magitaa yakaanza, tarumbeta zikafuata, mama akaacha kupeta, akangoja. Mwimbaji hakuja. Magitaa yalizunguka na kuzunguka hadi wimbo ukaisha.

"Mbona haimbi?" mama aliuliza.

Nikatoka, nikazunguka jiko, nikapiga hodi kwa mama mdogo. Alikuwa anamwogesha Masanja kwenye beseni, na juu ya kichwa chake spika ilikuwa inaimba kwa sauti nzito, mwanamume mtupu na ngoma, bila gitaa hata moja. Nikarudi mbio kwa mama. Magitaa, bila mwanamume. Nilizunguka lile jiko mara nyingi mpaka wote wawili wakaniuliza nimepoteza nini.

Kichwa changu cha miaka tisa kilishindwa kabisa. Habari zilifika nzima kila upande, iweje wimbo ufike nusu? Nikaamua kwamba kosa ni langu. Labda nilikunja waya kwenye msumari, nikawaza, na sauti ya mtu, kwa kuwa ni laini kuliko gitaa, ilishindwa kupita kwenye kona. Msinicheke, nilikuwa sijawahi kusoma habari za umeme.

Mama alikuwa na maelezo yake. Siku tatu alisikiliza, na ya nne akaitazama spika na kuniambia polepole, "Maneno ameyapeleka kule, Minza. Mimi nimeachiwa magitaa." Kisha akavuta begi kutoka uvunguni, akaanza kukunja nguo zake na zangu. Akasema Jumatatu tunakwenda Maganzo kwa mjomba. Nilipouliza tutarudi lini, aliniuliza kama nimenawa miguu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mimi ndiye niliyeupitisha waya, na sasa nyumba yetu ilikuwa inavunjika kwa sababu yangu. Mchana uleule niliwasha wimbo, nikapandisha kigoda juu ya meza chumbani kwa baba, nikasukuma ubao, nikaingia darini kuitafuta sauti. Niliupapasa waya wote kwa vidole, huku machozi na vumbi vikinifanyia tope usoni. Hapakuwa na kona mbaya wala msumari. Lakini nilipolala pale juu, katikati ya nyumba, nilisikia jambo la ajabu. Kutoka kulia yalipanda magitaa, kutoka kushoto alipanda mwanamume, na wimbo ulikuwa mzima. Ulikuwa mzuri sana, na hapakuwa na mtu wa kuusikia isipokuwa mimi na popo.

Nikashuka nikiwa sijaelewa chochote. Nyuma ya boksi niliona pini mbili za nyaya zimechomekwa, moja nyekundu na moja nyeupe. Nikazichomoa, nikazibadilisha matundu. Papo hapo upande wa kulia mwanamume akaimba. Nilikimbia kwa mama nikamkuta amekaa kitandani na blauzi mkononi, hakunji wala haweki chini.

Hata wimbo haujaisha, tukasikia hodi. Alikuwa Mama Masanja, mtoto kiunoni, kwa mara ya kwanza mlangoni petu. Alimwamkia mama, mama akaitikia marahaba kwa shida.

"Dada, samahani," akasema. "Yule kaka aliyekuwa anaimba kwangu naona amehamia kwako."

Mama Masanja akaharakisha kusema hakuja kumdai. Alitaka tu kujua kama sasa ni zamu yake ya kupata magitaa, maana tangu mwanzo aliamini muziki wenyewe amepewa mke mkubwa kwa heshima yake, na yeye mdogo ametupiwa mtu wa kulialia peke yake kutwa nzima. Mama alimtazama, akatazama spika, kisha akacheka hadi akashika ukuta. Mama Masanja naye akacheka, na Masanja akacheka kwa kuwaona. Kwa mguu, mama alilisukuma begi likarudi uvunguni. Nililiona kwa macho yangu, nikajua nimeponya nyumba.

Ijumaa ya wiki ya pili baba alirudi, na aliposimuliwa akamwita fundi redio. Huyo fundi alieleza kwamba nyimbo za zamani zilirekodiwa waimbaji na ngoma upande mmoja, magitaa na tarumbeta upande wa pili, na sabufa linapeleka kila kitu upande wake. Akaunganisha nyaya ndani ya boksi, na spika zote mbili zikatoa wimbo mzima. Baba alisimama tena uani akitikisa kichwa. Mama aliusikiliza wimbo wake akiwa wima, tangu gitaa la kwanza hadi mwisho, na mimi nilimtazama usoni nikingoja afurahi.

Jumatatu begi likatoka tena.

Baba aliuliza amekosea wapi, maana kila kitu amegawa sawa. Aliuliza kwa uchungu wa kweli, mikono imening'inia, na mama hakumpandishia sauti.

"Ni kweli, Baba Minza," alimjibu. "Umegawa."

Mama Masanja ndiye aliyebeba begi letu kichwani hadi stendi. Alilia njia nzima, akisema na yeye sasa atabaki na nani. Nilipanda basi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko siku zote, kwa sababu waya ulikuwa umepona.

Kwa miaka mingi Maganzo, nikimsaidia mama kuuza vitumbua kando ya barabara, niliamini kuna pini nilizichomeka vibaya. Sikuthubutu kumuuliza hadi nilipoolewa mimi mwenyewe. Mama alishangaa kwamba nilibeba mzigo huo muda wote. Akasema wakati waya ulikuwa na kosa, alikuwa na cha kulaumu, na begi lile alilifunga kwa hasira tu, hasira ambayo ilipita kwa kicheko. Waya ulipotengenezwa akausikia wimbo wote. Mwanamume alikuwa anamwomba mkewe amngoje, na hapakuwa na kilichopungua, na bado ukamuuma vilevile.

"Ndipo nikajua nimeshangoja," akasema.

Ningemwona baba leo ningemwambia kwamba hakupendelea, na kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu kwa mama, kwa kuwa hata yeye mwenyewe alijigawa nusu kwa nusu. Kuhusu mimi mwenyewe sina uhakika. Siku ile darini nilidhani nikimrudishia mama ile sauti atabaki. Nilimrudishia, akaisikia vizuri, akaondoka, na mpaka leo sijui nijisifu au nimwombe radhi baba.