Mumbi Aliyepigwa Jiwe

Sina sababu ya kukudanganya. Elia yupo, yu hai, na jicho lake la kushoto halipo. Hilo mtu hawezi kulitunga.

Mimi na Elia tulikuwa walimu wa shule moja huko Mvumi, na mapumziko yetu yalikuwa kuangalia ndege. Mvua zikianza, tunawangoja korongo. Mtama ukikomaa, kwelea kwelea. Kiangazi kikikaza ni mumbi, wale ndege wakubwa weusi wanaotembea chini kama wazee wanaokagua shamba. Dume ana koo jekundu tupu. Jike ana doa la buluu chini ya mdomo.

Asubuhi hiyo, jua ndiyo kwanza linachomoza, tuliwakuta watatu kwenye shamba lililovunwa. Elia alitaka picha ya mabawa, maana weupe wake huonekana wakiruka tu. Hawakuruka. Akaokota jiwe.

"Acha bwana, Elia," nikamwambia.

Akarusha. Likampata jike kichwani. Wenzake wakaruka, yeye akayumba, akaingia kichakani.

Tukamfuata. Niamini, mle hamkuwa na ndege. Kulikuwa na mama mmoja aliyejifunga kaniki, amechuchumaa, damu inamchuruzika usoni.

"Shikamoo, mama," Elia akasema.

Hakuitikia. "Nani kanipiga?"

Wewe ungejibu nini? Elia, sijui kwa woga au kwa uungwana, akasema, "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Yule mama akamrukia. Sikuona mkono wala kisu. Niliona kichwa kikipanda na kushuka kama mchi, na kila kikishuka Elia anapiga yowe. Nikamtandika mgongoni kwa stendi ya kamera mpaka ikapinda. Nilichokuwa nakipiga kilikuwa manyoya! Bawa likafunguka, likanipiga kifuani, nikaanguka chali. Nilipoinuka tulikuwa wawili tu, Elia kashika uso, damu inapita katikati ya vidole.

Hospitalini daktari aliuliza ni mnyama gani. Nikasema ndege.

Elia alihamia mjini, Majengo, karibu na soko, ambako mumbi hakanyagi. Kiangazi cha mwaka uliofuata kilipokaza, alfajiri moja kioo cha dirisha lake kikavunjwa kutoka nje. Akaweka kingine, nacho kikavunjwa. Sasa analala chumba kisicho na dirisha, na bado alfajiri ukuta unagongwa. Nimelala kwake. Nimeusikia.

Basi angalia ndege upendavyo, lakini asiyetaka kuruka mwache. Na ukikutana na mtu porini anavuja damu, akakuuliza nani kampiga, usijibu. Kimbia.